Unafuturu na Nani? Maombi ya Kufunga ya Januari Jambiani

Hakuna usiku wenye kazi katika majiko ya hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja kama usiku wa tarehe 31 Desemba. Wageni wamejaa tangu Krismasi, meza zimepangwa mpaka mchangani, pweza yuko jikoni, kamba wako kwenye mkaa, na mpishi hapati hata nafasi ya kuegemea ukuta. Mimi ni mmoja wa wapishi hao. Nyumbani ni Rungwe, mkoani Mbeya, na Jambiani nilikuja kutafuta riziki kama wenzangu wengi wa bara. Saa sita ya usiku, fataki zinaporushwa ufukweni, wale tuliotoka zamu tunakuwa tumekaa kwenye chumba kimoja kidogo tunakopanga kwa ajili ya ibada, tunamshukuru Mungu kwa kutuvusha mwaka. Asubuhi yake wengi wetu tunaanza kufunga.

Wasomaji wengi mmeona mabango ya Januari katika miji yetu: siku 21 za maombi, siku 40 za maombi, mwaka wa hiki na mwaka wa kile. Wengine mnafunga kila mwaka, na wengine mnajiuliza jambo hili limetoka wapi, maana katika kalenda za makanisa ya zamani mfungo mkubwa ni Kwaresima. Nitaeleza ninavyolifahamu, na nitaeleza pia swali la jirani yangu mmoja wa Jambiani, bibi wa Kiislamu mkulima wa mwani, lililobadilisha namna ushirika wetu unavyofunga.

Wachache katikati ya wanaojua kufunga

Jambiani ni kijiji kirefu cha pwani, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini Unguja, kati ya Paje na Makunduchi. Maji yakitoka, bahari hurudi nyuma mpaka karibu na mwamba, na kinamama huingia kwenye mashamba yao ya mwani. Wenyeji ni Waislamu, kama ilivyo sehemu kubwa sana ya Zanzibar. Wakristo ni sisi tuliokuja na kazi: wapishi, wahudumu, walinzi, mafundi ujenzi, washonaji na walimu wachache.

Kwa sababu tu wachache, hatuwezi kugawanyika. Ndani ya chumba kile kuna Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mpentekoste, na mimi niliyelelewa Moravian. Kila mmoja alikuja na desturi ya kwao. Mkatoliki hafungi tarehe 1 Januari, kwa kuwa kwake ni sherehe ya Bikira Maria Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968 ni siku ambayo kanisa lake linaombea amani ya dunia. Yeye huanza tarehe 2. Siku zake za lazima za kufunga ni mbili kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kanisa lake limeweka kiwango: mlo mmoja kamili na vidogo viwili. Mpentekoste wetu yeye huanza na mapambazuko ya mwaka na hataki kusikia habari ya chai. Tumejifunza kuachiana nafasi.

Na wote tunafunga katikati ya watu ambao funga wameijua tangu utoto. Mtoto wa Jambiani anaweza kukueleza vizuri zaidi nini kinafunguza na nini hakifunguzi kuliko Wakristo wengi wazima. Mwaka 2025 Kwaresima ilianza tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuingia, na kwa majuma kadhaa jiko zima, Waislamu na Wakristo, lilikuwa na watu waliofunga wakiwapikia watu waliokula.

Mkesha ulikotoka

Mimi nilikulia kwenye mkesha wa mwaka mpya, nikidhani kila Mkristo duniani anao. Baadaye nikajua kwamba kanisa langu lina sehemu kubwa katika historia yake. Wamoravian wa Herrnhut, kijiji cha Ujerumani, ndio wanaotajwa kuanzisha mkesha wa aina hii mwaka 1733. Walikuwa watu wa maombi kwelikweli: tangu Agosti 1727 walipangiana zamu za saa, usiku na mchana, na mnyororo huo wa maombi ukaendelea kwa takriban miaka 100. Mwaka 1731 wakaanza kuchapa kijitabu cha neno la Biblia la kila siku, na kinachapwa mpaka leo. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na ndiyo sababu bibi na babu zangu walikesha kwenye baridi ya Rungwe wakisubiri kengele ya saa sita.

John Wesley wa Uingereza, mwanzilishi wa Umethodisti, aliuchukua mkesha kutoka kwa Wamoravian. Huko Kingswood mwaka 1740, wachimba makaa ya mawe waliokuwa wamezoea kumaliza usiku vilabuni walianza kuumaliza kwa sala na nyimbo. Kutoka hapo ukavuka bahari. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1862, Waafrika wa Marekani, watumwa na walio huru, walikesha makanisani na majumbani wakisubiri tamko la Rais Abraham Lincoln la kuwaachia huru watumwa katika majimbo yaliyoasi, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 1863. Mpaka leo makanisa mengi ya Waamerika weusi hayalali usiku huo.

Nikisoma habari hiyo nikiwa Unguja, siwezi kuacha kufikiria Mkunazini, mjini Unguja, palipokuwa na soko la watumwa. Miaka kumi baada ya tamko lile, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko lao. Siku ya Krismasi mwaka huo huo, jiwe la msingi la kanisa la Kristo likawekwa penye soko hilo. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi, ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877, na alipofariki mwaka 1882 akazikwa humo humo, nyuma ya altare. Steere na wenzake ndio walioshughulikia tafsiri ya Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Kila ninapopata nafasi ya kwenda mjini mwanzoni mwa mwaka, napita pale kuomba. Mtu anayeomba mahali binadamu wenzake walipouzwa hawezi kuomba gari na nyumba peke yake.

Kufunga mwanzoni mwa mwaka si jambo geni

Kuna wanaosema mfungo wa Januari umezuliwa juzi na makanisa ya kiroho. Ni kweli kwamba huku kwetu Wapentekoste na vikundi vya maombi ndio walioueneza, kiasi kwamba hata makanisa ya zamani sasa yana maombi ya mwanzo wa mwaka. Lakini wazo lenyewe ni la kale. Agustino, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alihubiri siku ya kwanza ya Januari akiwahimiza waumini wake wafunge. Mji mzima siku hiyo ulikuwa ukipeana zawadi, ukicheza kamari na kulewa. Yeye akawaambia watu wake watoe sadaka kwa maskini badala ya zawadi za mwaka mpya, na wafunge wakati wengine wanalewa. Mwaka 567, mtaguso wa maaskofu uliokutana Tours, Ufaransa, uliagiza sala maalumu kwa siku tatu za mwanzo wa Januari, ili kuzishinda desturi za kipagani za siku hizo.

Karibu yetu zaidi, Waorthodoksi wa Ethiopia huikuta Januari wakiwa tayari wamefunga. Krismasi yao, Genna, huangukia tarehe 7 Januari, na kabla yake wana mfungo wa majuma kadhaa bila nyama, maziwa wala mayai. Kwa hiyo Mwafrika Mkristo anayefunga tarehe 1 Januari asione haya. Yuko kwenye njia iliyokanyagwa zamani, na Waafrika wenzake wamo.

Siku ngapi, na kwa namna gani?

Ukiuliza kwa nini siku 21, utaambiwa Danieli. Katika sura ya 10 ya kitabu chake, Danieli aliomboleza majuma matatu, hakula chakula kizuri, hakugusa nyama wala divai. Sura ya 1 inaeleza siku kumi za mboga na maji tu. Esta aliomba watu wake wafunge siku tatu, usiku na mchana, kabla hajaingia kwa mfalme. Siku 40 ni za Musa mlimani na za Yesu jangwani. Ezra, katika sura ya 8, alitangaza mfungo kando ya mto Ahava kabla ya safari ndefu, akimwomba Mungu njia salama kwa watu, watoto wao na mali zao. Sisi tuliovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam tukiwaacha watoto kwa bibi zao tunaipenda sana habari hiyo ya Ezra. Tunaisoma kila Januari.

Katika ushirika wetu tumechagua njia ya Danieli, kwa sababu watu wa kazi za mikono wanaiweza. Tunakula mara moja, jioni. Hakuna nyama, samaki, mayai, maziwa, sukari wala vya kukaanga. Maji tunakunywa mchana kutwa, kwa kuwa Januari ni msimu wa kaskazi, jua linawaka, na mbele ya majiko ya gesi joto ni maradufu. Jioni kuna muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, mchicha, kisamvu, kunde, mbaazi za nazi, na maembe ya msimu. Asubuhi kabla ya zamu tunakutana nusu saa kwa sala na kusoma, na wasioweza kufika wanaomba walipo. Wengine hufunga siku tatu tu, wengine huacha kitu kimoja, kama simu usiku au soda. Hatupangiani.

Jikoni kuna jambo moja linalonigusa kila mwaka. Mpishi lazima aonje chumvi. Ramadhani ikifika, mimi ndiye ninayeonja sufuria za wenzangu. Januari ikifika, kaka mmoja wa Makunduchi huja bila kuitwa, akachukua kijiko, akaonja supu yangu na kuniambia, "Dada, bado kidogo." Tarehe 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi, inaangukia katikati ya mfungo wetu, na kwenye majumba ya jirani hunukia pilau. Siku hiyo yeye huonja zaidi, maana jiko linapika chakula cha sikukuu na mimi sijala.

Swali la jirani

Nyuma ya chumba ninachopanga anaishi yule bibi mkulima wa mwani. Siku za bamvua utamkuta asubuhi akielekea baharini na kamba zake, na maji yakijaa anarudi na gunia kichwani. Januari moja alinikuta nimekaa kivulini nikiwa nimechoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Waumwa?"

"Siumwi. Nimefunga."

Akatua gunia. Akataka kujua habari zote: tunafunga siku ngapi, tunaanza saa ngapi, na inakuwaje tunafunga na maji tunakunywa. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupinga neno, kisha akauliza:

"Haya, na jioni wafuturu na nani?"

Nikamwambia kila mtu hula chumbani kwake akitoka kazini.

"Funga ya watu ina futari ya watu, mwanangu," akasema. "Kama njaa ni yako na chakula ni chako, nani kajua kama umefunga?"

Magharibi mjukuu wake alileta bakuli la muhogo wa nazi. Bibi alifuatisha masharti yote niliyomweleza: hapakuwa na samaki.

Nilibeba swali lile mpaka kwenye ushirika. Mtu wa kwanza kujibu alikuwa fundi ujenzi mmoja, aliyesema, "Yesu amesema tufunge kwa siri." Ni kweli. Katika Mathayo sura ya 6 Bwana anatuonya tusijionyeshe tunapofunga, tunawe uso na kujipaka mafuta. Lakini tukafungua na Isaya sura ya 58. Pale watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga na yeye hakuona. Jibu analowapa ni kali: siku ya kufunga kwenu mnawakandamiza wafanyakazi wenu na mnagombana. Funga anayoitaka Mungu ni kumfungua aliyeonewa, kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumkaribisha asiye na makao nyumbani kwako, kumvika aliye uchi. Kufunga kwa siri ni kutotafuta sifa. Hakumaanishi jirani asione faida yake.

Ndipo tukabadilisha mambo. Jioni tunapika pamoja, kwa zamu, na anayetoka kazini usiku anawekewa chake. Mwenye njaa akipita, awe wa dini gani, anakaribishwa. Mchana fundi asiyenunua wali maharage kwa mama ntilie hutia pesa ya sahani hiyo kwenye kopo, na mimi ambaye hotelini nakula bure hutia ya soda na vocha. Januari ni mwezi wa kufungua shule. Kila mzazi wa Tanzania anaijua: sare, viatu, madaftari, begi. Pesa ya kopo huwanunulia sare na madaftari watoto wa wenzetu waliokwama, wakiwemo wa majirani wa kijijini. Kila sare inayotoka kwenye lile kopo ni mlo wa mtu aliyekubali kukaa na njaa.

Bibi alichosema kina mizizi yake hapa. Jirani zetu wa Makunduchi wana mwaka mpya wao, Mwaka Kogwa, unaosherehekewa Julai, na siku hiyo kila nyumba hutaka kuwa na mgeni wa kula naye. Mwaka unafunguliwa kwa mlango kuwa wazi.

Palipo na hatari

Ninapenda kufunga, na kwa sababu hiyo nasema wazi mahali kunapoharibika.

Kwanza ni afya. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za presha, za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mzee dhaifu, hawa wasifunge chakula bila kuzungumza na mhudumu wa afya. Asiache dawa mtu yeyote kwa sababu ya maombi. Kanisa Katoliki limewatoa wagonjwa katika sheria yake ya kufunga, na Uislamu umewapa wagonjwa na wasafiri ruhusa ya kula. Kama dini mbili kubwa zimeona hivyo, anayekulazimisha kufunga ukiwa mgonjwa amejipa mamlaka ambayo hana. Kufunga kavu, bila maji, kwa siku tatu katika joto la Januari, kwa mtu anayebeba zege au anayesimama jikoni, ni kuhatarisha uhai. Na siku ya kumaliza, anza na uji mwepesi, papai au supu ya mboga. Pilau itakusubiri.

Pili ni kutawaliwa. Katika pwani hii hii ya Waswahili, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwa wengi. Ni watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Kila anayeongoza maombi ya kufunga analazimika kuikumbuka Shakahola. Funga ya Biblia ina mwanzo na mwisho, na Yesu mwenyewe baada ya siku zake aliona njaa na akahudumiwa. Kiongozi anayewatenga waumini na ndugu zao, anayewazuia kwenda hospitali, au anayefungisha watoto, mkimbie na utoe taarifa.

Tatu ni biashara. Januari watu wana hofu ya mwaka, na hofu inauzika. Utasikia kuna mafuta ya mwaka, maji ya mwaka, na bahasha ya kumfungulia mtu milango, tena kwa bei. Mungu hajaweka bei ya mwaka mpya. Mfungo ni wa kujinyenyekeza na kusikiliza, na hauwezi kumlazimisha Mungu akupe cheo. Nimeona waliofunga siku zote wakakosa mkataba wa kazi, na nimeona wasiofunga hata siku moja wakaupata. Mtu akifunga ili alipwe, tarehe 22 Januari atakuwa na madai. Akifunga ili abadilike, atakuwa na kazi ya kuendelea nayo.

Kama unataka kuanza

Chagua siku unazoziweza na uziandike. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, ili akuangalie. Panga muda wa kuomba kabla ya kupanga cha kutokula, kwa kuwa njaa bila sala ni njaa tu. Soma Isaya 58 siku ya kwanza, na Mathayo 6 siku ya pili. Kunywa maji. Kazini fanya kazi yako sawasawa, usimkemee mdogo wako wa kazi ukasingizia funga. Kama jirani yako ni Mwislamu, usione vibaya kumuuliza anavyofunga. Ana mengi ya kukufundisha.

Na kila jioni kabla hujashika kijiko, jiulize alichoniuliza bibi wa Jambiani. Kama mlo uliouacha mchana haujamfikia mtu, bado hujamaliza kufunga. Mtafute mtu huyo. Januari hii yuko karibu nawe, na huenda mwanawe hajaenda shule kwa kukosa sare.